Aliyeonja Kwanza

Kama unakohoa tangu mvua zianze, na kitenge kilichokubana mwaka jana sasa kinakuzunguka mara mbili, na umeanza kukumbuka ni nani alikupa nini cha kunywa na siku gani, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Wenye afya wanaweza kusoma, lakini sikuwaandikia wao.

Mi ni mwanamke wa Nyakabiga. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Uvira, nikaletwa Bujumbura nikiwa binti, nikaolewa hapa, nikazika mume hapa. Niliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni mpaka kifua kiliponigomea. Watu wananiita Mama Esta, kwa jina la binti yangu. Shule sikukaa sana. Ninachojua vizuri ni kutazama mikono ya watu, maana sokoni ukiacha kutazama mikono unarudi nyumbani na beseni tupu.

Kwetu mtu akikupa cha kunywa anaonja kwanza mbele yako. Iwe bia ya ndizi kwenye msiba, iwe maji ya matunda kwenye sherehe ya mtoto. Mwenye nyumba anameza, unaona koo linashuka, ndipo anakupa. Haonji kutafuta utamu. Anaonja ili ujue kwamba kama ndani ya kikombe kuna kifo, kitaanza na yeye. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kuosha sahani.

Sasa, mwaka nilioanza kuugua jirani yangu Mama Zuhura alioza binti yake. Mama Zuhura ni Mwislamu, wa familia ya zamani ya mji huu, anashona nguo na kukaanga sambusa, na bomba la maji tunatumia moja. Siku ya harusi alikuwa anakimbia huku na huku. Glasi ya tangawizi ikanijia kutoka jiko la nyuma, imebebwa na msichana nisiyemjua. Hakuna aliyeonja. Niliona haya kukataa mbele ya watu, nikanywa.

Mvua za kwanza zilipoanguka, kikohozi kikaanza.

Unaona nilivyohesabu. Kwetu kikohozi kisichoisha na mwili unaokauka vina jina lake: karuho. Wanasema ni sumu ya polepole, mtu anakutilia kwenye kinywaji, nawe unapungua kidogo kidogo mpaka huonekani. Kwa hiyo sikwenda kwa muganga wa hospitali. Nilikwenda kwa mzee mmoja nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique anayeuza unga wa kutapisha. Nilitapika mpaka nikatoa maji ya kijani. Akasema imetoka. Hakikutoka kitu. Jasho la kulala lilizidi, mashavu yakaingia ndani, pete ya ndoa ikaanza kuanguka nikiosha vyombo mpaka nikaifunga kwenye uzi.

Nikaacha kumsalimia Mama Zuhura. Nilikuwa nangoja aondoke bombani ndipo nami nitoke na ndoo. Alijua. Kwenye ua mmoja hakuna kinachofichika, hata usipofungua mdomo.

Esta ndiye mtoto aliyenibakia. Anaishi kwangu na watoto wake tangu mume wake alipokwenda Zambia kutafuta kazi akanyamaza huko. Binti yangu si mjinga, msije mkamdharau mnaposoma mbele. Alikuwa ananiona nayeyuka, akatafuta pa kushika. Alipata chumba cha maombi huko mtaa wa Ngagara, kinaongozwa na kijana wanayemwita Mtumishi. Siku moja akarudi na habari.

"Mama, Mtumishi ameona kwa maono. Ni mwanamke anayejifunika kichwa."

"Esta, mtaa huu nusu ya wanawake wanajifunika kichwa. Hata mi hapa nimejifunika."

"We unacheka, na mutu anakuua."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekwisha kuamini kabla ya maono yake, ila sikupenda kijana wa Ngagara anitangulie.

Asubuhi moja nikakohoa damu kwenye kitambaa. Esta alikuwa ametoka. Mama Zuhura alinisikia kupitia ukutani, akaja akasimama mlangoni na viatu vyangu mkononi.

"Vaa."

"Siendi popote na wewe."

"Unaenda. Ukifia humu ndani watasema ni mi. Nisafishie jina langu kwanza, ukipona utanichukia vizuri."

Nikavaa.

Kwenye kituo cha afya, sisi wa kikohozi hawatuweki ndani. Wanatuweka nje, kwenye mabenchi chini ya paa la bati, upepo upite. Wote mnatazama upande mmoja na kila mmoja ameacha nafasi kati yake na mwenzake. Ukifika hapo utaona aibu. Jua tu kwamba hata wa pembeni yako anaona aibu hiyohiyo, na ndiyo sababu anajifanya kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Wanakupa kikopo cha kutemea makohozi, unakwenda nyuma ya ukuta, unarudi umekishika kama mtu aliyebeba yai.

Mama Zuhura hakuacha nafasi. Alikaa bega kwa bega. Akatoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akanywa yeye, akafungua mdomo nione kwamba amemeza, jinsi unavyomwonyesha mtoto. Kisha akaweka kikombe kingine, akanimiminia. Hakuniuliza kama namshuku. Nilikunywa. Nilikuwa na kiu, msidhani ilikuwa kumwamini.

Kituo kile ni cha watu wa kanisa, na juu ya mlango kuna msalaba wenye sanamu. Mama Zuhura aliutazama muda mrefu.

"Mama Esta, mi nauliza tu, usikasirike. Huyu mnasema ni Mungu?"

"Ndiyo."

"Na alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa Mungu akifa, nani alibaki anaangalia dunia?"

Mzee wa benchi la pili alicheka mpaka akakohoa, wote tukageuza nyuso.

"Kwetu Isa ni mtume," alisema, "tunamheshimu, na mama yake pia. Lakini Mungu hafi. Kitu kinachokufa si Mungu. Ama nakosea?"

Nilifungua mdomo. Jumapili zote za maisha yangu, nyimbo zote za damu na msalaba nilizoimba, na sikupata neno moja la kumpa. Nikamwambia, "Muulize muchungaji."

"Sina muchungaji. Nina shehe."

"Basi nyamaza. Tunangoja majibu ya makohozi, hatungoji ya Mungu."

Lakini swali lile liliingia, likakaa. Mgonjwa ana muda mrefu wa kukaa na swali.

Muganga alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Alisema, "Mama, si karuho. Ni kifua kikuu, na kinapona."

"Nani alinipa?"

"Ni hewa, mama."

"Hewa ya nani?"

"Ya yeyote aliyekohoa karibu na we. Sokoni, mu busi, hata kanisani."

Kwa hiyo nilikuwa nimeingia na adui mmoja, nikatoka na mji mzima. Mama Zuhura alitaka kusema kitu, nikamtazama, akakiacha. Na mimi sikumwomba msamaha siku ile. Nilifikiri labda muganga naye amedanganywa na mashine yake.

Dawa zilikuwa za miezi sita. Mwanzoni nilitakiwa kwenda kumeza pale kituoni kila asubuhi, mbele ya macho ya muganga. Siku ya kwanza nilimwambia aonje yeye kwanza. Alicheka kwa adabu. "Nikimeza yako, mama, we utameza nini?" Lilikuwa jibu, lakini halikunitosha. Vilikuwa vidonge vikubwa, vinakwama kooni vinaacha ladha ya chuma. Nyumbani Esta alinitengea sahani, kijiko, kikombe, akavitia alama ya rangi ya kucha. Wajukuu walikatazwa kuingia chumbani kwangu. Mdogo alikuwa anakuja mpaka kwenye pazia, anatoa mguu mmoja tu ndani, ananiambia, "Bibi, mguu hausikii kikohozi."

Halafu mkojo ukageuka mwekundu.

Muganga alikuwa ameniambia mapema kwamba dawa hugeuza rangi na nisiogope. Niliposikia niliitikia. Nilipoona ilikuwa jambo lingine. Hata machozi yalitia madoa kwenye foronya. Nikamwita Esta aone.

"Mama, ni damu yako hiyo inatoka. Ile dawa inakumaliza." Akakaa chini sakafuni, akanishika miguu. "Mtumishi anasema Yesu alishabeba magonjwa yote musalabani. Yote, mama. Ukimeza dawa ni kumwambia haikutosha, unaongeza ya kwako juu ya yake. Mi sitaki ufe ukiwa umemukana."

Maneno hayo yalinishika, sitasema uongo. Mi naamini. Nilizamishwa ziwani nikiwa binti, maji baridi, na sijawahi kujuta. Nikajiuliza: kama alikwisha kubeba, mbona mi nimebeba tena? Kama alilipa vyote, hivi vidonge vya nini? Unapokuwa mzima maneno kama haya unayasikiliza na kwenda kupika. Ukiwa mgonjwa unayala na kuyalalia.

Nikaacha kwenda kituoni. Siku ya kwanza nikasingizia mvua. Zilizofuata sikusingizia kitu. Muganga alipiga simu, sikupokea. Akaja mwenyewe mpaka mlangoni, amelowa, akaniachia vidonge vya siku kadhaa kwenye karatasi. Aliniambia maneno yaleyale kwa sauti yake ndogo: ukikatisha, ugonjwa unajifunza dawa, na ukirudi utakuwa na nguvu kuliko dawa. Nilifikiri, huyu analipwa kuja. Mama Zuhura aliniletea uji, akaonja mlangoni, akauweka chini, akaondoka. Nilifikiri, huyu ana lake. Nilimshuku kila mtu aliyenikaribia, na kifua kikarudia kunichoma.

Hapo Esta akanipeleka Ngagara.

Ilikuwa nyumba ya zamani kwenye kartie, kimtaa kimojawapo cha huko, sebule imetolewa makochi, imejazwa viti vya plastiki. Madirisha yamefungwa na mapazia juu yake. Watu wanakohoa humo ndani. Nilitafuta upepo nikaukosa, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka yale mabenchi ya nje kwa hamu. Mtumishi alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Alihubiri juu ya msalaba, na alihubiri vizuri. Alisema Mungu mwenyewe alishuka akavaa mwili, akapigwa, akatobolewa. Nililia. Mwenye maneno matamu nampa haki yake.

Kisha akasema wenye dawa wazilete mbele, waziache chini ya meza, iwe ushuhuda. Esta akanisukuma kidogo. Nikaenda na ile karatasi ya vidonge, nikaiweka. Juu ya meza kulikuwa na jagi la maji yaliyoombewa na kikombe kimoja cha bati. Walikuwa wanakunywa kwa zamu, kikombe kinatoka mdomo huu kinakwenda mdomo ule. Nilitazama mikono. Zamu yangu ilipofika akachota, akaninyooshea.

Mi nililelewa na mama yangu. Nikamwambia, "Onja kwanza, Mtumishi."

Wote wakageuka kunitazama.

"Mama, hii si pombe ya kilio," alisema akitabasamu.

"Naona. Onja."

"Haya maji ni ya wagonjwa. Mi si mugonjwa."

Nikamuuliza, "Na yule wa msalabani alikuwa anaumwa nini?"

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na nadhani lilinishtua mi kuliko yeye. Alitazama kikombe. Akatazama midomo ya wote waliotangulia. Nyuma ya kiti chake, sakafuni, ilikuwepo chupa yake ya maji ya dukani, kifuniko bado kimefungwa, nami nilikuwa nimeiona tangu nilipoingia. Akasema, "Huyu mama ana roho ya ubishi, tumuombee." Akarudisha kikombe mezani.

Niliinama nikaokota vidonge vyangu. Kuinama wakati huo kulikuwa kazi, na hakuna aliyenisaidia ila Esta.

Kwenye busi Esta alitazama dirishani njia nzima. Mi nilitulia na lile swali la benchini, nikaona linafunguka. Tulipofika nyumbani sikumwambia kitu, maana alikuwa anajiambia mwenyewe. Aliingia jikoni, akajaza kikombe maji, kikombe changu kile chenye alama ya rangi ya kucha. Akakiinua akanywa funda moja mbele yangu. Nikaona koo lake linashuka.

"Meza, mama," alisema.

Nikameza.

Kesho yake nilirudi kwenye benchi. Muganga hakunigombeza. Alinisogezea kiti chenye mgongo, nikajua amekuwa akiniwekea. Tulianza upya pale tulipoharibu, na aliniongezea siku nilizokula kwa ukaidi wangu. Wewe usizile.

Mengine ni ya mwili, nitayasema haraka. Tumbo linakataa chakula, halafu siku moja unanusa ndagala za jirani na unataka kulia kwa njaa. Viungo vinauma kama umelima. Jasho linapungua bila kuaga. Mvua kubwa zilipokatika nilianza kumeza nyumbani, Esta akinitazama. Vumbi la kiangazi lilipofunika milima ya Uvira, pete ilirudi kidoleni ikakaa bila uzi. Mjukuu alileta mguu wa pili ndani ya pazia, kisha akajileta mzima.

Esta hakurudi Ngagara. Hatukulizungumza. Siku moja tu, akisuka nywele za mtoto, alisema, "Yale maneno ya musalaba alisema kweli, mama." Nikasema, "Alisema kweli. Hakuyaonja." Akaendelea kusuka.

Majibu ya makohozi ya mwisho yalipotoka safi, nilikwenda bombani wakati ninaojua Mama Zuhura yupo. Nikaweka ndoo yangu nyuma ya yake.

"Uliniuliza swali kule kituoni."

"Nauliza mengi. Lipi?"

"La Mungu kufa."

"Bado unalo hilo?"

"Nisikilize. Mi nilikuwa namshuku Mungu. Nilikushuku we, nikamshuku muganga, lakini chini ya yote nilikuwa namshuku yeye. Nilisema, ametupa kikombe gani hiki, amekaa huko juu anatuangalia tukinywa. Angetuma malaika aonje, ningesema malaika hana koo. Angetuma mutu mwema aonje, mutume, ningesema huo si kuonja, ni kumsukuma mutoto wa mwenzako mbele na we umekaa nyuma ya pazia. Ilibidi aonje mwenye chungu mwenyewe. Tena kwa koo kama hili langu, linalouma. Ndiyo maana tunasema ni Mungu, na tunasema alikufa. Hatukuwa na haki ya kumshuku, akaonja hivyohivyo, ili tuone."

Mama Zuhura alifunga bomba, ndoo yake haijajaa.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Kwako. Na mu busi."

"Ni maneno mazuri. Mi siyakubali."

"Sikukuomba uyakubali."

"Lakini ni mazuri." Akafungua bomba. "Na ya kunishuku, umeyasema haraka haraka katikati hapo. Nimeyasikia."

"Niliyasema uyasikie."

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Nenda kwenye benchi la nje. Meza vyote, mpaka cha mwisho, hata mkojo ukiwa wa rangi yoyote. Anayekuambia msalaba unakukataza dawa, mtazame mikono, utazame na chupa yake iko wapi. Mi sikugeuka mtu wa kuamini kila mtu, na sitaki ugeuke. Kushuku kumenisaidia siku moja, na siku nyingine nyingi kulitaka kuniua. Tofauti yake niliikuta kwa wale waliokuwa tayari kunywa kabla yangu.

Jioni ile ya majibu Mama Zuhura alikuja na uji, kama kawaida yake. Akasimama mlangoni, akainua kikombe aonje. Nikanyoosha mkono nikakichukua kabla hakijafika mdomoni.

"Sijaonja," alisema.

"Umeonja vya kutosha."

Nikanywa wote, amesimama ananitazama. Alikuwa amezidisha sukari, na nilimwambia.